Tairi la masika: namna ya kuchagua mpira unaoshika, kuanzia Kariakoo hadi vilima vya Pugu

Tairi langu la kwanza la tope nililinunua kwa macho. Lilikuwa limening'inizwa juu dukani, meno makubwa kama ya trekta, na muuzaji akalipiga ngumi mbili akaniambia, "Kaka, na hili hata ukuta unapanda." Nikalipa bila kubishana sana. Aprili hiyohiyo, kwenye mteremko mmoja wa Pugu, nilianguka mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, na mara zote tatu ni gurudumu la mbele lililonikimbia. Tairi jipya, meno yote yapo. Tatizo ni kwamba mpira wenyewe ulikuwa mkavu kama soli ya buti, na upepo nilikuwa nimeujaza kwa kompresa ya gereji hadi ukigonga gurudumu linalia kama ngoma.

Kinachoshika ardhi ni mambo matatu yanayosaidiana: ulaini wa mpira, mpangilio wa meno na kiasi cha upepo. Dukani utaonyeshwa meno tu kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Mawili yaliyobaki itabidi uyatafute mwenyewe, na moja kati ya hayo, yaani upepo, halina gharama yoyote. Mwongozo huu ni kwa mwenye baiskeli ya milimani, mpya au ya mtumba, anayeishi Dar na asiyetaka kuiegesha kuanzia Machi hadi Mei.

Hatua ya 1: Ijue ardhi unayopita

Dar haina tope la aina moja. Ukienda Pugu na Kisarawe, kilomita kama 25 kutoka Posta, unakuta udongo mwekundu wenye mfinyanzi, mizizi iliyotokeza juu ya njia, na sehemu nyingine udongo mweupe wa kaolini, uleule uliokuwa ukichimbwa pale Pugu. Kaolini ikilowa inateleza kama sabuni ya mche iliyosahaulika kwenye karai. Hapo unahitaji mpira laini na meno yaliyoachana.

Ukielekea Goba, Madale na mitaa ya juu ambayo lami haijafika, shida ni kifusi, mawe yenye ncha na makorongo ambayo maji ya mvua yamechimba katikati ya barabara. Huko tope si baya sana, ila ubavu wa tairi unachanika. Kigamboni, ukishapita Kibada kuelekea Kimbiji, ni kichanga. Na kichanga kina tabia ya ajabu: mvua inakiimarisha. Njia iliyokushinda Februari, ukaishia kuisukuma baiskeli, Aprili unaipita kama sakafu. Kwenye mchanga mkavu meno hayasaidii kitu. Kinachosaidia ni upana wa tairi na upepo mdogo.

Bonde la Msimbazi likijaa, zunguka. Maji yanayokwenda kasi hayajali una tairi gani, na chini yake kuna misumari, chupa na mitaro isiyo na mifuniko.

Halafu kuna jambo ambalo miongozo ya wenzetu wanaoishi mlangoni mwa msitu huwa hailigusi: lami. Mtu wa Tabata au Buguruni akienda Pugu, anakula lami karibu safari nzima kabla ya kugusa tope, na akirudi ni hivyohivyo. Chukua karatasi, andika safari zako nne za mwisho, kisha kadiria kila moja ilikuwa na lami kiasi gani, changarawe kiasi gani, na tope au mchanga kiasi gani. Lami ikizidi nusu, usinunue tairi la tope tupu, lile la meno marefu yaliyochongoka. Litakuunguruma njia nzima, litakuchosha, na ndani ya miezi michache meno ya katikati yatakuwa yamelika na kuwa mviringo. Wewe unahitaji la kati na kati, na ndilo nitakalolisemea zaidi.

Hatua ya 2: Soma namba, usisikilize "inchi"

Geuza ubavu wa tairi ulilonalo. Utaona namba mbili za vipimo. Moja ni ya inchi, mfano 26 x 2.10. Nyingine ni ya milimita, mfano 54-559. Hiyo ya pili ndiyo ya kuamini. 54 ni upana wa tairi, 559 ni kipenyo cha sehemu ya rimu ambapo tairi linakaa.

Kwa baiskeli za milimani kuna namba tatu tu za kukariri. Inchi 26 ni 559. Inchi 27.5 ni 584. Inchi 29 ni 622, ambayo ni sawasawa na 700 ya baiskeli za lami.

Mtego uko hapa. Kuna tairi jingine linaloandikwa 26 x 1 3/8, la baiskeli za kawaida za mjini, nyingi zikiwa za mtumba kutoka Japani. Hilo ni 590. Kati ya 559 na 590 kuna milimita 31, karibu upana wa vidole viwili. Nimewahi kusimama Kariakoo nikibishana na kijana aliyeng'ang'ania kwamba "ishirini na sita ni ishirini na sita tu, mzee." Tukajaribu palepale, likavaa kwenye rimu yangu kama kofia ya baba kichwani kwa mtoto. Vilevile zile baiskeli ndefu za kubebea mkaa na magunia, mara nyingi zinatumia 28 x 1 1/2, yaani 635, na haziingiliani na 622 hata ukivuta kwa vijiko vinne vya kutolea tairi.

Nenda dukani na namba ya milimita imeandikwa kwenye simu. Inaokoa mabishano mengi.

Hatua ya 3: Bonyeza mpira kwa ukucha

Hii ndiyo hatua ambayo ningependa uikae sana, kwa sababu ndiyo iliyoniangusha.

Shika jino moja la pembeni. Likandamize kwa ukucha wa dole gumba kwa sekunde tatu, halafu achia. Mpira laini unabaki na alama ya ukucha kwa muda mfupi, kisha unajirudi taratibu. Mpira mgumu haupokei ukucha kabisa, au unaruka nyuma papo hapo kama springi. Fanya hivyo kwa matairi matatu tofauti dukani, moja baada ya jingine, na tofauti utaihisi hata kama hujawahi kufanya kazi hii.

Kwa nini inajalisha? Kwenye jiwe lililolowa au mzizi uliochunwa ganda, hakuna udongo wa jino kuzama. Jino halina pa kung'ata. Kinachobaki ni mpira kujikunja na kujaza vijishimo vidogo vya jiwe, na mpira mgumu haujikunji. Ndiyo maana unaweza kuwa na meno ya trekta na bado mzizi mmoja wa unene wa mkono ukakulaza chini.

Viwanda hupima ugumu huu kwa kipimo kiitwacho Shore A. Karibu na 50 ni laini, 60 ni wastani, 70 ni mgumu. Matairi ya bei ya chini kwa kawaida hayaandikwi chochote, na ukiyabonyeza utajua kwa nini. Ya bei ya juu yana majina badala ya namba. Schwalbe wanaweka mistari ya rangi kwenye mpira wao wa Addix: nyekundu ni wa kasi, buluu ni wa kati, chungwa ni laini, zambarau ni laini mno. Maxxis wanaandika MaxxTerra kwa wa kati na MaxxGrip kwa laini zaidi. Ukiona CST, ujue ni ndugu wa Maxxis, wote wametoka kwa kampuni moja ya Taiwan, Cheng Shin. Bei yake ni nafuu na mpira wake kwa kawaida ni mgumu kidogo, lakini si takataka.

Usikimbilie laini mno. Mpira hukakamaa kwenye baridi na kulegea kwenye joto, na zile za zambarau zimepikwa zaidi kwa ajili ya wanaoshuka milima mikali kwa mashindano. Hapa asubuhi ya masika bado una nyuzi 23 au 24. Mpira wa kati huku unakuwa laini kuliko ukiwa kwenye nchi za baridi, na lami yetu ya saa saba mchana inaula ule laini mno kama kifutio. Wa kati mbele, wa kati au mgumu kidogo nyuma, inatosha kabisa.

Ukinunua mtumba, au tairi "jipya" lililoning'inia juani nje ya duka mwaka mzima, likunje kwa nguvu mikono miwili na uangalie shina la meno na ubavuni. Ukiona vimistari vya kupasuka kama visigino vya kiangazi, rudisha. Jua limeshalikausha, na mpira uliokauka hauna dawa.

Hatua ya 4: Sasa meno

Meno haya mafundi wengine wanayaita kashata. Nami napenda jina hilo kwa sababu linakupa picha sahihi: vipande vilivyokatwa, na kati yake kuna nafasi. Nafasi hiyo ndiyo kazi yote.

Tope la mfinyanzi likiingia kati ya meno lazima litoke kabla ya jino kurudi chini tena. Meno yakibanana halitoki. Baada ya mizunguko kumi tairi lako limegeuka andazi: la mviringo, laini, limejaa, na halishiki chochote. Pima kwa kidole cha mwisho. Kidole kidogo kikiingia kati ya jino na jino katikati ya tairi, tope litatoka. Ncha tu ya kidole ikiingia, hilo ni la changarawe na vumbi. Vidole viwili vikiingia na meno yamesimama kama misumari, hilo ni la tope tupu, na kwenye mawe meno yatakuwa yanalala na kukupa hisia ya kuendesha juu ya jeli.

Baada ya hapo nenda kwenye meno ya pembeni, kwa sababu ndiyo yanayokushika ukilala kwenye kona. Lisukume jino la pembeni kwa dole gumba kuelekea nje. Linalofaa lina kitako kipana chini yake na linagoma kulala. Lile jembamba lisilo na kitako linajikunja moja kwa moja, na barabarani litajikunja vilevile, ghafla, ukiwa umeshaegemea. Angalia pia kama meno yana mikato midogo juu yake. Mikato hiyo inasaidia jino kufunguka na kushika mawe yaliyolowa. Ni jambo zuri likiwepo, ila usilipie zaidi kwa ajili yake peke yake.

Mbele na nyuma si lazima viwe sawa, na kama mfuko umebana, fedha yote ipeleke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza unacheza nalo, unaweka mguu chini, unacheka. La mbele likiteleza ukija kushtuka, shavu liko kwenye udongo. Mimi mbele naweka tairi lenye meno marefu na nafasi, na nyuma naweka lenye meno mafupi ya katikati yaliyokaribiana zaidi lakini pembeni yamekomaa. Mpangilio huo unapunguza mzigo kwenye lami ya kwenda na kurudi, maana uzito mwingi unakaa nyuma.

Neno moja kuhusu lami iliyolowa. Usidhani meno makubwa yanasaidia hapo. Yanapunguza mpira unaogusa chini. Kwenye mistari myeupe ya barabara, mifuniko ya chuma ya mitaro, na lile bati la kupandia pantoni pale Kivukoni, hakuna tairi la milimani linaloshika vizuri. Shuka, sukuma, panda ukifika upande wa pili.

Hatua ya 5: Upana, na kama litaenea

Kwa Dar upana wa inchi 2.1 hadi 2.4 unatosha. Chini ya hapo kichanga cha Kigamboni kitakumeza. Juu ya hapo fremu nyingi za mtumba hazipokei.

Kabla hujalipa, pima nafasi kati ya tairi ulilonalo sasa na fremu, pande zote mbili, kwenye uma wa mbele na hasa nyuma pale chini karibu na pedali, ambako fremu inabana. Tairi jipya likishakaa, kidole kimoja kiweze kupita kila upande. Nafasi hiyo ni kwa ajili ya tope litakalopanda na gurudumu. Likikosa pa kupita litajibana kwenye fremu, litakwangua rangi, na mwisho gurudumu litakataa kuzunguka. Kama baiskeli yako ina breki za kubana rimu, angalia na hapo pia. Madigadi ya plastiki yanayokaribia tairi yatoe msimu wa masika. Afadhali mgongo uchafuke.

Hatua ya 6: Mwili wa tairi, na suala la tyubulesi

Ubavuni utaona herufi TPI. Ni idadi ya nyuzi katika kila inchi ya kitambaa kilicho chini ya mpira. 60 ina nyuzi nene, nzito, ngumu kuchanika. 120 ina nyuzi nyembamba, nyepesi, inajikunja vizuri juu ya mawe lakini ubavu wake ni laini zaidi kama hauna kinga ya ziada. Kwa anayeendesha kwenye kifusi cha Goba na Madale nasema 60 bila kusita.

Tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani bali gundi ya maji inayoziba tundu yenyewe, ni kitu kizuri kwa mwenye rimu na tairi vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo. Unaweza kushusha upepo bila kuogopa kubana tyubu, na matundu ya miiba yanajiziba. Lakini joto letu linakausha gundi haraka, na kila baada ya miezi miwili hivi unapaswa kufungua kuangalia na kuongeza. Kwenye rimu za mtumba za inchi 26 usijisumbue. Nimeona watu wakizungusha selotepu raundi tano na bado upepo unavuja usiku kucha. Weka tyubu nzuri, beba ya akiba, viraka na solusheni, maisha yaendelee.

Hatua ya 7: Kufunga

Tafuta mshale ubavuni. Ukiwepo, uelekee upande gurudumu linakozunguka ukienda mbele. Fundi wa haraka haraka hulifunga kinyume, hivyo simama hapo hapo umwangalie.

Pitisha kidole taratibu ndani ya tairi na ndani ya rimu kabla ya kuweka tyubu. Mwiba uliotoboa tyubu ya zamani mara nyingi bado umo. Jaza upepo kidogo tyubu ipate umbo, ndipo uiingize. Ukimaliza, zungusha gurudumu na uangalie ule mstari mwembamba karibu na rimu. Ukipanda na kushuka, tairi halijakaa. Toa upepo, likande kwa mikono pale lilipozama, jaza tena.

Hatua ya 8: Upepo, ambao kila mtu anaukosea

Mafundi wetu wamezoea baiskeli za mizigo. Ukiwaambia wajaze, watajaza hadi kidole hakibonyei, na kwa mtu anayebeba magunia mawili ya mkaa wako sahihi. Kwako si sahihi. Tairi lililojaa kama jiwe linagusa ardhi kwa kipande kidogo, linaruka juu ya kila kokoto, na meno uliyoyalipia hayapati nafasi ya kufanya kazi.

Ubavuni kuna maandishi kama MAX 65 PSI (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo, na namba zote za upepo hapa chini ni za PSI). Hicho ni kiwango cha mwisho ambacho tairi linavumilia. Si agizo kwamba ujaze hadi hapo. Kama wameandika na kiwango cha chini, anzia karibu na hicho.

Kwa mtu wa kilo 70, mwenye tairi la 26 x 2.1 na tyubu ndani, mimi huanzia 28 mbele na 32 nyuma. Kwa 29 yenye upana wa 2.25 au 2.4, 25 mbele na 28 nyuma. Kwenye tyubulesi unaweza kupunguza 3 zaidi. Kila kilo 10 ukizidi au kupungua, ongeza au punguza 2 hivi. Hizo ni namba za kuanzia tu. Baada ya hapo ni wewe na njia yako.

Kuzipata unahitaji geji ya kwako. Zile za kompresa za gereji zimetengenezwa kwa magari na huku chini kwenye 25 hadi 30 zinasema zinachotaka. Geji ndogo ya mkononi ni bei ya chini kuliko tairi lolote, na naamini imenisaidia kuliko tairi lolote.

Jaribu hivi. Tafuta mahali penye jiwe au ukingo wa barabara wa urefu wa kiganja. Upite kwa mwendo wa kawaida ukiwa umekaa. Ukisikia "kong!" ya rimu kugonga, ongeza 2 na urudie. Ukiona hakuna kitu kabisa na mikono inatetemeka, punguza 2 na urudie. Kiwango chako ni pale ambapo rimu inakaribia kugonga lakini haigongi. Kisha tafuta kona yenye udongo, ilalie taratibu. Ukihisi tairi linayumba chini yako kama linataka kuchomoka kwenye rimu, umeshusha mno.

Pancha nayo inazungumza. Ukifungua tyubu ukakuta matundu mawili yamekaa sambamba kama umeumwa na nyoka, si mwiba huo. Ni rimu imeibana tyubu kwenye jiwe, na upepo ulikuwa mdogo.

Suala la lami linarudi hapa. Ukitoka nyumbani na 28, kilomita zote za Barabara ya Nyerere utazisikia mapajani. Mimi hutoka na 38 mbele na nyuma, nikifika mwisho wa lami nasimama chini ya mwembe na kutoa upepo. Nyumbani nilishafanya mazoezi na geji: kwa tyubu zangu, kubonyeza vali kwa kuhesabu "moja, mbili" kunatoa kama 2. Kwa hiyo natoa mara tano mbele na mara tatu nyuma, nakunywa maji, naingia msituni. Kurudi natumia pampu ndogo iliyofungwa kwenye fremu. Wenye vali nyembamba wakumbuke kulegeza kile kinati kidogo kwanza, na kukikaza tena, maana kikibaki wazi, kitu kikigusa tu upepo unavuja.

Hatua ya 9: Wiki za kwanza na utunzaji

Tairi jipya huwa na ngozi ya kiwandani inayong'aa. Kilomita za kwanza usilale kwenye kona kwa fujo. Chagua njia ya changarawe, ichunike.

Ukirudi na tope, oshea maji na brashi tu. Usifute mpira kwa mafuta ya taa wala dizeli, vinaula. Na kama unaosha baiskeli pale wanapooshea magari, mwambie kijana mapema asipake ile dawa ya kung'arisha matairi. Mimi alinipakia bila kuniuliza, kwa nia njema kabisa, "ipendeze, bosi." Ilipendeza kweli. Kona ya kwanza nje ya geti nilikwenda chini mbele ya foleni ya bodaboda, kwenye lami kavu, jua linawaka.

Chunguza meno ya tairi la nyuma kila mwezi. Makali ya jino yakishakuwa mviringo, gurudumu litaanza kuburuza ukifunga breki kwenye miteremko. Wakati huo usinunue la nyuma. Chukua la mbele, ambalo bado lina hali nzuri, lihamishie nyuma, na lile jipya uliweke mbele.